Nambari ya Mtandao: Hutolewa na Nani, na Hutafutwa Vipi?

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya nambari. Si nambari za hesabu, wala nambari ya simu unayompa rafiki yako akupigie. Ni nambari ambayo kila simu ya kisasa na kila kompyuta hupewa inapoingia katika intaneti. Watu wengi huitumia kila siku, lakini hawajapata kuiona.

Labda utaniuliza: "Mwalimu, mimi ni mvuvi wa Kendwa. Nambari hiyo yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Siku hizi mtu akiibiwa fedha kwa njia ya mtandao, au akitukanwa, au akitishwa, moja katika mambo ya kwanza yanayotafutwa ni nambari hiyo. Ikisomwa vizuri, husaidia kumpata mkosaji. Ikisomwa vibaya, humfikisha kituoni mtu asiye na kosa. Basi somo letu la leo lina neno moja kubwa, nalo ni hili: nambari si mtu. Tutaona nambari hutoka wapi, hufikaje Kendwa, hutafutwa vipi, na kwa nini saa ina thamani sawa na nambari yenyewe.

NAMBARI NI NINI?

Tuanze na jambo tunalolijua. Ukitaka kumpelekea ndugu yako barua, huandika jina lake, kisha Sanduku la Posta, kisha mji. Posta haimjui ndugu yako kwa sura. Inalijua sanduku.

Na hapa Unguja hatukuanza leo kushughulika na anwani za waya. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern Telegraph ilifikisha Unguja waya uliopita chini ya bahari kutoka Aden. Wakati wa simu za maandishi, mfanyabiashara aliweza kuandikisha anwani fupi ya simu, neno moja tu, ili simu yake isipotee njiani. Neno hilo halikuweza kuwa la watu wawili katika ofisi moja, kwani mpeleka simu angepiga hodi mlango gani? Kanuni ni ile ile mpaka leo: anwani ni lazima iandikishwe, na lazima awepo mwenye kuliweka daftari.

Intaneti nayo ni posta, ila ni posta ya mitambo. Unapotaka kutazama picha katika simu yako, simu hupeleka ombi kwenye kompyuta iliyo mbali, pengine Ulaya. Kompyuta ile ni lazima ijue jibu ilipeleke wapi. Kwa hiyo kila ombi hubeba anwani mbili: anwani ya anayepeleka, na anwani ya anayepelekewa. Anwani hizo ni nambari. Wataalamu huziita anwani za IP, na herufi hizo mbili, I na P, utaziona ukifungua mipangilio ya simu yako.

Nambari ya aina ya zamani, ambayo bado yatumika sana, huandikwa kwa mafungu manne yenye nukta katikati. Mfano ni huu: 203.0.113.25. Kila fungu huanzia 0 na halipiti 255. Iandike katika daftari lako. Usiogope kuitaja, kwa sababu nambari hii imetengwa kwa ajili ya vitabu na mafunzo tu, wala haikupewa mtu yeyote duniani. Nitaitumia leo ili nisitaje nambari yenye wenyewe.

NAMBARI HUTOLEWA NA NANI?

Katika Unguja tunao mkoa, wilaya, shehia, na nyumba. Kendwa imo katika Wilaya ya Kaskazini A, Mkoa wa Kaskazini Unguja. Mkuu wa Mkoa hawezi kumjua kila mtu nyumbani kwake, lakini Sheha anawajua wakaazi wa shehia yake. Kila ngazi ina daftari lake. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwezi wa Agosti, nyumba nchini kote ziliwekewa nambari. Hakuna aliyejichagulia nambari ya nyumba yake. Kama kila mtu angejichagulia, wengi wangetaka nambari 1, na barua zisingefika.

Nambari za mtandao nazo hushuka ngazi kwa ngazi. Juu kabisa lipo daftari kuu la dunia liitwalo IANA. Kwa miaka mingi lilisimamiwa na bwana mmoja wa California, Jon Postel, aliyefariki mwaka 1998. Mwaka huo huo ilianzishwa taasisi iitwayo ICANN, hukohuko California, na daftari hilo likawa chini yake. IANA haikupi nambari wewe, wala haiipi kampuni yako ya simu. Huzigawa kwa mafungu makubwa, na kuyapa madaftari matano, kila moja likiwa na sehemu yake ya dunia.

Daftari la Afrika linaitwa AFRINIC. Makao yake yako katika kisiwa cha Morisi, katika bahari yetu hii ya Hindi, na lilipata idhini ya kufanya kazi hiyo mwaka 2005. Kabla ya hapo nambari za Afrika zilitolewa na madaftari ya nje ya bara hili. Oman na nchi za Ghuba zimo katika daftari jengine, RIPE NCC, lenye makao yake Amsterdam. Basi wewe uliyeko Kendwa unapozungumza kwa picha na ndugu yako aliyeko Maskati, nambari zenu zimetoka katika madaftari mawili mbalimbali, moja la Morisi na moja la Uholanzi.

Fungu moja kubwa la IANA lina nambari 16,777,216. Nambari zinazoanza na 41, mathalan, na zinazoanza na 197, zilitiwa mikononi mwa AFRINIC. AFRINIC nayo huzigawa kwa kampuni za simu na intaneti, vyuo vikuu, na idara za serikali. Kampuni ndiyo inayomwazima mteja. Litazame vizuri neno hili: humwazima. Hampi iwe mali yake. Ukiizima simu yako leo na kuiwasha kesho, yawezekana ikapata nambari nyengine, na ile ya jana ikawa kwa mtu wa Makunduchi usiyemjua.

Ni kama chumba cha nyumba ya wageni. Chumba nambari 8 Jumatatu kina mgeni huyu, Alhamisi kina mgeni mwengine. Ukiniambia, "Aliyelala chumba nambari 8 amevunja kioo," nami nitakuuliza, "Aliyelala lini?" Bila ya siku, nambari ya chumba haisemi kitu.

NAMBARI ZILIPOPUNGUA

Nambari zote za aina ya zamani, ukizihesabu, ni 4,294,967,296. Mwanzoni zilionekana nyingi mno. Lakini watu duniani sasa wamepita bilioni 8, na mtu mmoja aweza kuwa na simu mbili, kompyuta, na televisheni, na kila kimoja chataka nambari. Tarehe 3 Februari 2011 IANA iligawa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila daftari. Hazina ya juu ikawa tupu.

Dawa ya shida hiyo ilikwisha kutengenezwa. Ni nambari ya aina mpya, ndefu zaidi, iitwayo IPv6. Idadi yake ni kiasi cha 340 ikifuatwa na sifuri 36. Hizo hazitakwisha. Lakini aina mpya inaenea polepole, kwa sababu mitambo ya dunia haibadilishwi kwa siku moja. Wakati tunangojea, watu wanashirikiana nambari za zamani.

Wanashirikiana vipi? Fikiri skuli yenye wanafunzi 600 na Sanduku la Posta moja. Barua zote hufika katika sanduku hilo. Kisha karani wa skuli huzigawa darasa kwa darasa. Posta inaliona sanduku moja tu. Haijui nani yuko darasa gani.

Karani wa mtandao ni ruta, kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo kinachowekwa ukutani katika afisi na nyumba za wageni. Ruta huviazima vyombo vya ndani nambari za ndani, kama 192.168.1.14. Nambari za ndani hazitoki nje. Zimo Kendwa, zimo Nairobi, zimo London, katika majumba mengi mno, wala hazigongani, kwa sababu kila moja haivuki mlango wa nyumba yake. Ukiwa nje, nyumba nzima, yenye wageni, wapishi, na walinzi wake, huonekana kwa nambari moja.

Kampuni za simu nazo hufanya hivyo hivyo, kwa wingi zaidi. Mamia ya simu huweza kutoka nje kwa nambari moja, kwa wakati mmoja. Ili asichanganyikiwe, mtambo wa kampuni huongeza nambari ndogo ya pili iitwayo poti, na kuandika: nambari hii, poti hii, saa hii, ni ya laini fulani. Likikosekana moja katika hayo, njia ya kumtafuta mtu yaweza kukatika.

NAMBARI HUTAFUTWA VIPI?

Haya, sasa tumeelewa namna nambari inavyoshuka. Mwenye kuitafuta hupanda na kushuka ngazi hizo hizo. Ipo milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni daftari la wazi. Mtu yeyote, hata wewe, aweza kuiuliza AFRINIC kwa njia ya intaneti: "Fungu hili la nambari limepewa nani?" Jibu litakuwa jina la kampuni na nchi. Jina la mteja halimo. Hapa watu wengi hukosea. Wakiona jina la kampuni na jina la mji, hudhani wamekwisha mpata mkosaji, kumbe wamefika barazani tu.

Mlango wa pili ni kampuni. Kampuni ndiyo yenye daftari la kuazima: saa fulani nambari fulani ilikuwa kwa laini fulani. Na laini ya simu katika nchi yetu husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho. Lakini mlango huu haufunguliwi kwa kila apigaye hodi. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Tanzania Bara na Zanzibar, nayo imeweka utaratibu wa polisi kutaka taarifa hizo wanapochunguza kosa. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka mwenye kushika taarifa za watu azitunze. Jirani yako mwenye hasira hana ruhusa ya kuambiwa jina lako na kampuni kwa sababu tu ameiona nambari.

Mlango wa tatu ni nyumba yenyewe. Ikiwa laini ni ya nyumba ya wageni, ni lazima kuitazama ruta: saa ile, nambari ya ndani ilikuwa kwa chombo gani? Na hata chombo kikijulikana, bado swali moja: nani alikuwa amekishika? Simu huazimwa. Kompyuta ya afisi hutumiwa na watu watano. Hapo nambari imemaliza kazi yake, na ushahidi wa kawaida huanza: nani alikuwapo, nani alionekana, nani alipokea fedha.

RAMANI INAYODANGANYA

Zipo kampuni duniani zinazouza ramani za nambari. Ukiwapa nambari, wanakuonyesha nukta katika ramani na kusema, "Iko hapa." Nukta hiyo ni makisio. Nambari inayotumika Kendwa huweza kuonyeshwa Dar es Salaam, kwa sababu tu kampuni iliyoiazima ina makao yake huko.

Makisio haya yamewaumiza watu. Kampuni moja ya Marekani, MaxMind, ilikuwa na nambari nyingi ambazo iliweza kujua tu kwamba ziko Marekani, lakini haikujua ni wapi hasa. Ikaamua kuziweka zote katika nukta moja karibu na katikati ya nchi. Nukta hiyo iliangukia katika shamba moja huko Potwin, katika jimbo la Kansas. Ilipogunduliwa mwaka 2016, nambari zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimetiwa katika shamba hilo. Kwa miaka mingi wakaazi wake walikuwa wakijiwa na polisi, na watu wenye hasira waliodhani wamempata mwizi wao. Mwenye shamba alikuwa bibi mzee wa miaka 82. Baadaye kampuni iliihamisha nukta hiyo na kuitia katikati ya ziwa.

Wala si Marekani peke yake. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya nyumba moja ya Pretoria, Afrika Kusini. Nukta iliyochaguliwa kuwa alama ya mji huo iliangukia katika uwanja wa nyumba ya mama mmoja na mwanawe. Watu walikwenda pale kutafuta simu zao na kompyuta zao zilizoibiwa, na polisi nao wakaenda. Vitu havikuwapo. Mama yule hakuiba chochote. Kosa lake lilikuwa kukaa mahali ambapo ramani iliweka nukta yake.

MFANO WA KENDWA, NA HESABU YA SAA

Sasa tuchukue mfano wa kutunga, lakini mambo yake ni ya kweli na huweza kutokea.

Kikundi cha wavuvi kinauza samaki kwa mnunuzi wa mjini. Siku moja mnunuzi anapata barua ya kompyuta iliyotoka katika anwani ya kikundi: "Fedha za mwezi huu zipeleke katika akaunti hii mpya." Anapeleka. Fedha zinapotea. Mtu ameliiba neno la siri la kikundi na kuandika barua ile.

Wanapochunguza, kumbukumbu za barua zinasema: nambari 203.0.113.25, saa 18:10. Nambari hiyo ni ya nyumba ya wageni iliyo karibu na pwani. Na Katibu wa kikundi, kijana mpole, ni mpokea wageni wa nyumba hiyo. Zamu yake humalizika saa moja usiku.

Mzee mmoja anasema, "Basi tutafute nini tena? Saa 18:10 ni saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Kijana alikuwa kazini. Ndiye yeye."

Katibu anajibu, "Mzee wangu, wallahi sikuandika barua ile."

"Nambari haisemi uongo, mwanangu."

Ni kweli, nambari haisemi uongo. Lakini imesomwa kwa saa isiyokuwa yake. Mitambo ya intaneti aghalabu huandika saa za Greenwich, Uingereza, ili dunia nzima iwe na saa moja. Saa zetu za Unguja ziko mbele ya Greenwich kwa saa 3. Basi 18:10 ya Greenwich ni 21:10 ya Unguja. Na 21:10, kwa hesabu yetu ya Kiswahili, ni saa tatu na dakika kumi usiku.

Saa tatu na dakika kumi usiku siku ile kikundi kilikuwa katika mkutano. Wanachama wote walikuwapo. Na aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano, mbele ya macho ya wale wanaomtuhumu, alikuwa ni Katibu yule yule. Daftari la karatasi limemwokoa.

Mwizi ni nani basi? Mfano wetu haumtaji. Kazi hiyo ni ya polisi, kwa kuitazama ruta ya nyumba ile, daftari la wageni wa usiku ule, na njia zilikopita fedha. Lakini ni lazima waende upesi. Ruta nyingi ndogo hazihifadhi kumbukumbu kwa siku nyingi, na nyengine ukizizima na kuziwasha hufuta yote. Siku mlizozipoteza kumlaumu Katibu, mwizi amezipata bure.

Hebu tuandike kanuni ya saa. Kwanza, chukua saa ya Greenwich, ongeza 3. Hiyo ni saa ya Unguja kwa hesabu ya Kizungu. Pili, ikiwa ni ya mchana, kutoka 7:00 mpaka 18:59, toa 6; upate saa ya Kiswahili. Ikiwa ni ya usiku, kutoka 19:00 mpaka 23:59, toa 18. Tatu, kama kuongeza 3 kunavuka 24, toa 24, na ujue kwamba tarehe imekwisha kuwa ya kesho yake. Na kutoka 0:00 mpaka 6:59 alfajiri, ongeza 6. Mtu aliyevukwa na tarehe aweza kushitakiwa kwa siku aliyokuwa safarini.

WENYE KUSHIKA MADAFTARI

Mmeona, ndugu zangu, kwamba jambo lote hili linasimama juu ya madaftari. Daftari likichezewa, nambari haina maana. Na madaftari yamepata kuchezewa. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba nambari nyingi za Afrika zilichukuliwa pasipo haki. Uchunguzi wa AFRINIC yenyewe, uliotangazwa mwaka 2021, ulikuta nambari zaidi ya milioni 2 zilizotolewa katika hazina yake kwa njia isiyo halali. Nambari zilizokuwa haki ya nchi zetu zilikuwa zimeandikwa kwa majina ya wengine.

Na mwenye daftari naye huweza kusimama mahakamani. Desemba 2016 Bwana Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, akishitakiwa kuzuia uchunguzi kwa kutowapa polisi taarifa za watu walioandika katika mtandao wake. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani katika moja ya mashitaka na kumtoza faini. Wapo waliosema mlinzi wa daftari lazima amtii mpelelezi. Wapo waliosema lazima amlinde mwandishi. Mtu mzima aliyesoma na afikiri mwenyewe juu ya jambo hili, kwa sababu taarifa zake naye zimo katika madaftari ya namna hiyo.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza. Ukidhulumiwa kwa njia ya mtandao, usifute ujumbe. Andika tarehe na saa, na useme ni saa ya wapi: ya Unguja au ya Greenwich, ya Kiswahili au ya Kizungu. Kisha nenda kituo cha polisi mapema.

Pili. Ukiwa na ruta nyumbani au dukani, usilibandike neno la siri ukutani. Kila atakayeingia kwa neno hilo anatoka nje kwa nambari yako.

Tatu. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako usimpe mtu mwengine aitumie. Bonyeza *106# katika simu yako uangalie laini zilizoandikwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, ishitaki kwa kampuni.

Nne. Mwenye nyumba ya wageni aweke daftari zuri la wageni, na ahakikishe saa ya ruta yake ni sahihi. Siku ya shida, hivyo viwili ndivyo vitakavyomsemea.

Tano. Usimtaje mtu hadharani kwa sababu ya nambari tu. Waswahili husema haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili haraka yaweza kumvunjia mtu heshima yake, na ndoa yake, na kazi yake.

MASWALI YA DARASA

1. Nani aliyeipa kampuni yako ya simu nambari zake? Taja ngazi, kutoka juu mpaka chini.
2. Kwa nini wageni 40 wa nyumba moja huonekana nje kwa nambari moja?
3. Kumbukumbu imeandikwa 5:30, saa ya Greenwich. Kendwa ilikuwa saa ngapi kwa hesabu ya Kiswahili? (Mwalimu: jibu ni saa mbili na nusu asubuhi.)
4. Kumbukumbu nyengine imeandikwa 22:15, saa ya Greenwich, tarehe 4. Kendwa ilikuwa saa ngapi, na tarehe ngapi? (Jibu: saa saba na robo usiku, tarehe 5.)
5. Zungumzeni darasani: ni ushahidi gani mwengine ungeutaka kabla ya kusema, "Mtu huyu ndiye"?

Ndugu wasikilizaji, somo letu limekwisha. Ziandikeni hesabu za saa katika madaftari yenu, na kila mmoja amfundishe mwenziwe mmoja nyumbani.